Zamu ya Mjomba Pankrasi

Mgeni aliingia bila kubisha hodi, akavua viatu mlangoni kama mtu anayeingia nyumbani kwa wakwe.

Leokadia alikuwa amechuchumaa nyuma ya pazia la sinki, akikamua kitambaa alichomfutia mama yake mgongo. Maji yaliyotoka yalikuwa ya manjano, yananuka kama maziwa yaliyosahauliwa juani. Kila mgonjwa wa ghorofa ile alinuka hivyo. Ilikuwa harufu ya miche, neva changa zilizopandwa kwenye uti wa mgongo na kuachwa ziote taratibu, mwezi baada ya mwezi, mpaka miguu iliyokufa ikumbuke kazi yake. Alhamisi nyingine zote, Leokadia akishamaliza zamu yake ya alfajiri kwa mama, alikimbilia chuo cha ukunga. Leo mwalimu wao alikuwa safarini, akaona abaki amkate mama kucha.

Kwenye upenyo wa pazia alimwona mwanamke kijana, mrefu, kitenge kimemkaa vizuri, taulo dogo begani. Hakuangaza macho huku na huku kama wageni wafanyavyo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbebaji, akauchukua mkanda, akaufunga kisogoni kwa mkono mmoja. Kisha akaliinamia sikio la mama, akaikaza sauti ikawa nzito, ya kiume.

"Ni mimi, Pankrasi. Nipe."

Kitambaa kilimponyoka Leokadia.

Pankrasi alikuwa mjomba wake, ndugu pekee wa mama yake. Na pale kitandani, mbele ya macho yake, mabega ya mama yaliyokuwa yamekaza yalilegea. Yule mwanamke akauma taulo, akafumba macho, akaanza kutetemeka.

Maumivu ya miche hayana dawa. Ganzi ikiugusa mche wa neva, mche unanyauka. Wataalamu waliwahi kujaribu kuyamwaga maumivu kwenye mashine, yakakataa, maana maumivu sharti yapate mwili wa kuumia. Wakajaribu mbuzi. Mbuzi wale walikufa wamesimama, na wagonjwa wakaamka wanalia kwa sauti za mbuzi. Ndipo wakabaki ndugu. Ndugu anajifunga mkanda, anaketi, anabeba, mgonjwa anapumua. Lakini mkanda wenyewe hausukumi kitu. Mgonjwa ndiye anayeachilia, na mwili hauachilii kwa mtu usiyemwamini. Ndiyo maana kila mbebaji hutaja jina lake kwanza.

Leokadia alitoka nyuma ya pazia. "Wewe ni nani?"

Mwanamke alifumbua macho. Jasho lilikuwa limeshamlowanisha shingo. Akalitoa taulo mdomoni, uzi wa mate ukining'inia. "Usiniguse, wifi. Itakuingia." Ni kweli, ngozi ya anayebeba hupitisha. "Mimi Renalda. Mchumba wa Egidi."

Egidi alikuwa mtoto wa mjomba.

"Na mjomba yuko wapi?"

"Kwani hamkukubaliana?" Renalda alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mama Egidi alisema ukoo wote unajua. Alisema kabla mahari haijapelekwa, nioneshe moyo wangu. Wenzangu wanapimwa kwa kusonga ugali." Alijaribu kucheka. Kicheko kikakatika, akalirudisha taulo menoni.

Leokadia aliukumbuka ujumbe ambao mjomba aliupeleka kwa ndugu wote kila Alhamisi. *Nimembeba dada yangu leo. Mgongo wote unaniuma, lakini damu ni nzito kuliko maji.* Na ndugu wakamiminika. Hongera, simba wetu. Mungu akuzidishie. Hata yeye mwenyewe alikuwa akiandika: Asante sana, mjomba.

"Leo, upo, mwanangu?"

Mama alikuwa amegeuza uso. Maumivu yakibebwa, Bi Perpetua alirudi kuwa yule wa zamani, mwenye macho ya utani na ulimi mwepesi. "Nina hamu ya ndizi mbivu. Zile ndogo, tamu."

Nyuma ya kichwa chake mtoto wa watu alikuwa akitafuna taulo.

"Mama," Leokadia alisema, "unajua nani kakaa hapo?"

Macho ya utani yalizimika. Bi Perpetua aliugeuzia ukuta uso. "Najua kwamba si Pankrasi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Pankrasi nimemlea kwa mbeleko mgongoni hapa, nishindwe kumjua? Mkanda unaleta harufu ya mtu. Huyu ana moyo mwepesi. Aliyekuja kabla yake alikuwa na njaa. Kila akikaa, tumbo lilikuwa linanikata mimi."

Taulo lilianguka. "Kabla yangu?" Renalda alisema, akihema. "Egidi aliniambia mimi ndiye wa kwanza!"

Kinyaa kilimpanda Leokadia kutoka mbali, na kilichomtisha ni kwamba hakikuishia kwa mjomba. Kilimfikia mama, na mate yake ya hamu ya ndizi. Kikamfikia na yeye, kwani alizipenda sana jioni za Alhamisi, alipomkuta mama mchangamfu, na hakuwahi kuuliza uchangamfu ule umetoka mwilini mwa nani.

"Usinitazame hivyo," mama alisema. "Yalikuwa yamenizidi. Nikasikia sauti ya kuigiza inataja jina la mdogo wangu, nikajifanya nimeamini, nikamwagia. Kama mtu anayetapika gizani kwenye sahani ya jirani, halafu anajipangusa mdomo. Kila wiki, Leo. Mfungue. Nirudishie kilicho changu."

"Mama, miche..."

"Nimesema mfungue."

"Naweza kumaliza, wifi," Renalda alisema. "Nimezoea."

Leokadia alisimama, mkono umeshika kishikizo cha mkanda. Akifungua, mama ataumia peke yake, mwili utakakamaa, na miche iliyooteshwa kwa miezi itakatika kama nyuzi za buibui. Asipofungua, atakuwa amekubali. Hakukuwa na njia safi kati ya hizo mbili. Alijua pia kwamba neno "nimezoea" lilikuwa limemchoma kuliko kilio, kwa kuwa lilitoka kwa mtu wa rika lake, mwenye meno mazuri na taulo lililojaa alama za meno hayo.

Akafungua.

Mdomo wa mama ulifungwa katikati ya neno. Vidole vyake vikajikunja juu ya shuka.

Nesi Mwasiti alifika mbio, kengele ya kitanda ikimlilia kiunoni. Alitazama mgonjwa, akatazama mkanda uliolegea, akaelewa. "Mbebaji nani sasa? Akianza kukakamaa sitaweza kumsaidia."

"Ulijua kwamba anayekuja si mjomba?"

"Dada'angu, nikianza kuuliza majina wodi hii, nitabaki na vitanda vitupu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kuchoka kujichukia. "Wewe usiuguse huo mkanda. Umebeba alfajiri. Ukibeba zamu ya pili siku hiyohiyo, makapi ya maumivu yanabaki mwilini, na yakibaki ni ganzi ya maisha. Umemwona yule baba chumba cha pili."

Leokadia alikuwa amemwona. Baba yule alimbeba mkewe zamu mbili kwa siku moja, na sasa hunywa chai inayochemka, midomo ikambabuka ngozi ikining'inia, naye anaendelea kusimulia habari za mpira.

"Mjomba wako yuko chini," Renalda alisema. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. "Kwenye gari. Huwa wananisubiri hapo."

*

Gari lilikuwa limejiegesha lenyewe kivulini, milango wazi, likipuliza hewa baridi. Mjomba Pankrasi alikuwa amelaza kiti, sahani ya kuku wa kukaanga juu ya tumbo. Mafuta yalimng'aa kuanzia midomo mpaka kidevuni. Mama Egidi, mkewe, alimchambulia mifupa.

"Andika," mjomba alikuwa akiliambia gari, mdomo umejaa. "Ndugu zangu wapendwa. Nimetoka sasa hivi kumbeba dada. Leo yalikuwa makali. Weka alama ya machozi."

Leokadia alisimama mlangoni.

"He! Leo!" Mama Egidi alishtuka, kisha akajikusanya. "Ndiyo kuja kutusimamia hivyo? Hata shikamoo hakuna?"

"Nimuamkie nani? Pankrasi niliyemkuta huko juu amevaa kitenge."

Mjomba aliacha kutafuna. Halafu akacheka, punje za nyama zikimruka. "Umemwona mkwe wetu? Msichana jasiri yule. Kaa, chukua paja."

"Mama amejua. Ameagiza afunguliwe. Hivi sasa anaumia peke yake, mjomba. Ni zamu yako."

"Mimi nina presha."

"Hata siku moja hujambeba."

"Mwanangu, sikiliza." Aliilamba mikono, kidole baada ya kidole, bila haraka. "Mimi ndiye shina la ukoo. Shina likianguka mnabaki nini? Malkia wa nyuki hatumwi maji. Kwani kosa liko wapi? Mama yako anapata nafuu. Yule binti anapata ukoo wa maana. Na mimi nipo, nasimamia. Nani kaumia hapo?"

"Renalda kaumia."

"Atazoea. Wanawake mmeumbwa kubeba."

"Na yule wa kwanza alizoea?"

"Yule alikuwa mvivu tu," Mama Egidi alidakia. "Kila saa kichwa, kila saa kizunguzungu. Nikamwambia Egidi, huyu hapana."

"Alikuwa na njaa, Mama Egidi. Mama alilisikia tumbo lake."

Mama Egidi alitazama sahani, akaifunika na kitambaa.

Kwao, huko juu milimani Uluguru, mjomba si mtu wa kupandishiwa sauti. Ndiye anayesimama mbele msibani, ndiye anayegawa mashamba, na mwali hatolewi ndani bila neno lake. Leokadia alifundishwa hivyo kabla hajajua kuhesabu. Tangu utotoni alikuwa akimpokea fimbo na kofia kwa mikono miwili. Sasa alimtazama mtu huyo na kidevu chake cha mafuta, akahisi kama amekunywa maji ya kisima miaka yote halafu akainama na kuona kilichokuwa kimelala chini.

Akapaza sauti. Hakujua kwamba anayo sauti kubwa vile.

"Mama yangu anakakamaa huko juu! Miche inakatika! Panda ukambebe dada yako, au niwaambie watu hawa wote ni nani aliyekuwa anatumia jina lako!"

Watu waliokuwa wameketi ukingoni mwa maegesho na vyombo vyao vya chakula waligeuka. Mwanamume mmoja alisimama kabisa apate kuona vizuri. Mjomba Pankrasi aliwatazama watu wale. Akajifuta mikono kwenye suruali, akateremka garini.

"Wewe mtoto," alisema polepole, "huna adabu."

"Ndiyo, mjomba. Twende."

*

Mama alikuwa amejikunja kama jani linalokauka. Nesi Mwasiti alikuwa amemshika miguu. Renalda bado alikuwa sakafuni, akimpepea mgonjwa kwa kiatu chake, na mjomba alipoingia hakuinuka kumpisha wala kumsalimu.

Mjomba alikaa kwenye kiti cha mbebaji. Alifungwa mkanda. Aliinama, na kwa mara ya kwanza tangu matibabu yale yaanze, jina lile lilitajwa na mwenyewe.

"Ni mimi, Pankrasi. Nipe."

Bi Perpetua alifumbua macho. Alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu kuliko ilivyomstahili mtu anayeumia namna ile. Kisha akampa.

Haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Mjomba alitoa mlio ambao Leokadia hakuwahi kuusikia kwa mtu, akainuka nusu, na kuku wote wakarudi. Wakamwagika kwenye shuka na kwenye miguu ya mama, vipande vizima vizima, bado vinatoa harufu ya limao na pilipili. Akaung'oa mkanda akautupa. Maumivu yakamrudia mama kwa mkupuo, mwili wake ukaruka kitandani.

"Mmeniua!" mjomba alilia. "Mbona hamkuniambia iko hivi? Mbona hamkuniambia?"

"Presha! Leteni maji!" Mama Egidi, aliyewafuata juu, alipiga kelele.

Mjomba alivuta ncha ya shuka la mama, upande uliokuwa bado safi, akajifutia mdomo. Kisha akatazama huku na huku akitafuta, na macho yake yakatua sakafuni.

"Renalda, mwanangu. Kaa upesi umalizie. Umezoea wewe."

"Kwa jina la nani?" Renalda aliuliza.

"Langu. Si siku zote?"

Leokadia aliwaza kwamba ataibeba sura ile ya mjomba maisha yake yote, kwa sababu haikuwa na aibu hata kidogo. Ilikuwa sura ya mtoto anayeomba abebwe.

Renalda alisimama. Akaukunguta mkanda, akaupangusa matapishi kwa taulo lake, taratibu, mpaka ukawa safi.

"Hapana, mzee," alisema. Mpaka siku ile alikuwa akimwita baba. "Na Egidi mtafutieni mwingine. Awe anajua kuiga sauti."

"Kumbe umekuja kutuaibisha!" Mama Egidi alimfokea.

"Nendeni tu, mama. Chumba kinanuka."

Akaketi kwenye kiti. Leokadia akamsogelea haraka. "Si lazima, Renalda. Tutatafuta mtu. Huna deni kwetu, sisi ndio tuliokula mwili wako."

"Najua si lazima. Walisema ni lazima, ndiyo maana nilikuwa nikitoka hapa nasugua ngozi mpaka inatoka damu." Alimtazama Bi Perpetua, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya buluu. "Huyu mama nimeshaingia ndani yake mara nyingi. Huwezi kumjua mtu hivyo halafu ukamwacha aumie ili wewe uwe sahihi. Ila, wifi... sijui nikuiteje sasa."

"Leokadia."

"Leokadia, siku zote nimebeba peke yangu na pazia limefungwa. Nishike mkono. Na nikikutukana usiniache."

"Sikuachi."

"Wewe!" Nesi Mwasiti aligeuka. "Umebeba alfajiri! Ngozi inapitisha, nimekwambia makapi hayatoki. Mkunga bila vidole ni mkunga gani?"

Leokadia alifikiri kutoa mkono wa kushoto. Lakini Renalda alikuwa ameshaushika wa kulia, na kiganja chake kilikuwa baridi, chenye jasho, kinamtegemea. Wiki iliyopita, kwa vidole hivyohivyo, Leokadia alipapasa tumbo la mama mmoja akajua kichwa cha mtoto kiko juu badala ya chini kabla mashine haijasema. Mwalimu alimwambia hiyo haifundishwi. Alilikumbuka joto la ngozi ile, na namna kichwa kilivyosogea chini yake kama mtu anayegeuka usingizini.

Hakuutoa mkono.

"Ni mimi," Renalda alisema, kwa sauti yake nyembamba, yake mwenyewe. "Renalda Kondo. Nipe."

Mama alitikisa kichwa. Machozi yalimtoka pembeni. Alikataa kuachilia, na mkanda ukakaa kimya.

"Mama, leo nimetaja langu. Hunidanganyi, sikudanganyi. Nipe."

Bi Perpetua alimtazama. Kisha, kidogo kidogo, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto aliyelala, akampa.

Maumivu yalipita kwa Renalda, na sehemu yake ikapita kiganjani. Yalimwingia Leokadia kama uji wa moto chini ya ngozi, yakapanda mpaka kiwikoni. Renalda aliukunja mgongo. Alimtaja Mungu, akamtaja mama yake mzazi, kisha akageuza macho mekundu.

"Niache! Niache, mbwa wewe! Ukoo wenu mzima ni nzi wa chooni!"

"Ni kweli," Leokadia alisema. "Sikuachi."

"Nakuchukia!"

"Nichukie. Nipo."

Koridoni, sauti ya Mama Egidi ilikuwa ikimweleza mtu kwamba ilikuwa ni chakula tu, kuku wa siku hizi hawaaminiki. Ilififia kuelekea kwenye ngazi. Chumba kilibaki na harufu ya matapishi na ya miche, na nesi akipangusa miguu ya mgonjwa kwa kitambaa chenye dawa. Mgongo wa mama ulinyooka. Rangi ilimrudia usoni. Sauti ilipomrudia hakuomba chakula wala hakutania. Aligeuza kichwa upande wa kiti, akaanza kuliita jina la Renalda, polepole, tena na tena, kama mtu anayejifunza kulitamka sawasawa.

Kidole kidogo ndicho kilichoanza. Moto ndani yake ulizimika ghafla, na Leokadia akafurahi kwa punje ya wakati, kabla hajaelewa. Kisha cha pete. Alikuwa bado na nafasi ya kuuchomoa mkono. Vidole vitatu vilikuwa bado vyake. Renalda alikuwa ameacha kutukana sasa, alikuwa anahema tu, amemkazia macho kama mtu anayetazama ukingo wa mto akiwa majini. Leokadia alimkazia macho naye. Cha kati kikaenda.

Zamu ilipokwisha, Nesi Mwasiti alimfungua Renalda mkanda, akamlaza kwenye godoro la pembeni. Kisha ikabidi arudi amfungue Leokadia vidole, kimoja kimoja, kutoka kwenye mkono wa mwenzake, maana mwenyewe hakuweza tena kujua kama bado ameshika.